Mguu wa Kushoto Usiuguse

Mtinko, 2 Februari 2025

Mdogo wangu Melkiori,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tupo, tunaamka na kulala. Mama mkubwa Felista kifua chake unakijua, mvua ikianza na chenyewe kinaanza. Mahindi ya bondeni yamekuwa ya njano kwa maji mengi, ila alizeti ya kule juu imesimama vizuri, tunamshukuru Mungu. Yule mbuzi wako mwenye kovu amezaa mapacha, mmoja amekufa. Shemeji yako Nathanaeli anakusalimu. Nyonga bado inamsumbua, anakwenda na magongo yake mpaka bandani na kurudi, lakini anakula, na anagombana na kuku kama zamani.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia unanisalimia vizuri kabisa, nikifika kwenye maneno yenyewe unaniambia mtandao unakata, na kweli unakata. Karatasi haikati. Hii nimempa Edward wa lori la vitunguu, amesema huwa anashusha hapo Katoro.

Jambo ni mwanangu Klara. Amepata kazi ya uhudumu wa afya, atazungukia vijiji vitatu, anaanza tarehe mbili mwezi wa sita. Leseni anayo. Sasa anaitaka pikipiki ya baba yake, ile ambayo imelala stoo tangu baba yake aanguke, mwaka wa pili huu. Tumeitoa nje, tumeifuta. Melkiori, zile shokapu za mbele zinalia oili. Oili imeteremka mpaka kwenye breki. Na ukiikandamiza mbele inashuka, halafu inabaki hukohuko chini kama mtu aliyepiga magoti, hairudi mpaka uivute. Nilivyoona hivyo nilirudi nyuma. Nilimwona baba yake alivyoletwa siku ile juu ya mkokoteni. Nikimwona na Klara hivyo sitapona.

Kwa fundi Enock wa senta sitaki kuipeleka. Mara ya mwisho shokapu hizo ulizifunga wewe, hapa uwanjani kwetu, mimi nikikushikia gurudumu. Mtu mwingine aishike kazi ya ndugu yangu, aanze kuicheka mbele za watu, uso nitauweka wapi?

Kwa hiyo uje. Kama huwezi kuja, niandikie namna ya kubadilisha zile sili za kuzuia oili na springi, nitafanya mwenyewe. Darasa la tano langu linatosha kusoma, wewe andika herufi kubwa.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Winfrida

*

Katoro, 9 Machi 2025

Dada Winfrida, shikamoo.

Mimi mzima. Barua ilikaa kwa Edward wiki mbili, anasema ilijificha chini ya kiti. Kazi zipo, matope yakizidi huku na pikipiki zinaharibika, ndiyo riziki yetu. Nimehama chumba, sasa nakaa karibu na gereji. Pole kwa mbuzi.

Kuhusu ile pikipiki, uzeni. Imezeeka. Kuna watu wananunua kwa ajili ya spea, hawaulizi maswali. Klara atafute namna nyingine, hata baiskeli kwa kuanzia si mbaya. Kuja siwezi, tajiri wangu hatoi ruhusa kipindi hiki.

Msalimie shemeji. Mwambie namkumbuka.

Mdogo wako,
Melkiori

*

Mtinko, 23 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwaresima inakwenda, tumepata uyoga mwingi mwaka huu, ungekuwepo ungefurahi. Paa la jiko limeanza kuvuja upande wa mashariki.

Nilimsomea shemeji yako maneno yako ya kuuza. Akasema pikipiki haina kosa, aliyekuwa na kosa ni ng'ombe, na ng'ombe keshakwenda zake. Basi mazungumzo yakaisha. Unajua akishamtaja huyo ng'ombe aliyekatiza pale kwenye kalavati, hakuna mwenye la kuongeza. Hakusema hata siku moja alikuwa wa nani. Lakini wanaopitisha ng'ombe pale ni wa kwa jirani yetu Miraji tu, na kila mtu anajua. Sisi hatukumtaja Miraji. Wala hatukusema kuwa si yeye. Tangu hapo hajakanyaga kwetu, na mke wake nikikutana naye kisimani anainama kwenye ndoo yake kama kuna kitu kimedondokea humo.

Sasa nikuambie kilichotokea Jumatano. Nilikuwa napepeta, nikasikia mlio. Klara ameiwasha. Amezunguka uwanja mara moja, mara ya pili akashika breki karibu na ghala, mbele ikazama upande mmoja, usukani ukageuka wenyewe. Alikanyaga chini kwa mguu akajizuia. Kidogo tu agonge lile jiwe la kusagia kwa kichwa. Nilipiga yowe mpaka majirani wakatoka. Yeye anacheka. Akaniambia, "Mama, usipoitengeneza nitaiendesha hivyohivyo. Vijiji vitatu siwezi kwenda kwa miguu."

Na huyu ni mtoto wa Nathanaeli, akishasema amesema. Kwa hiyo usiniambie tena kuuza. Niandikie kazi inavyofanywa. Naogopa kuigusa lakini naogopa zaidi kuiacha.

Dada yako,
Winfrida

*

Katoro, 20 Aprili 2025, Pasaka

Dada, shikamoo. Heri ya sikukuu wewe na wote wa nyumbani.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeandika hii mara tatu nikachana.

Fanya mchana, uwanjani, chini utandike turubai ili kidude kikidondoka kionekane. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka gogo chini ya injini mpaka gurudumu la mbele lining'inie. Toa gurudumu, toa breki na madigadi. Breki uifunge kwa kamba pembeni, isining'inie kwa mpira wake.

Juu ya shokapu kuna nati kubwa kama kofia. Ilegeze kabla hujaitoa shokapu, ikiwa bado imeshikwa. HAPO DADA UWE MAKINI. Chini ya hiyo kofia springi imekandamizwa. Ikifika uzi wa mwisho inaruka. Usiweke uso juu yake. Ikandamize kwa kiganja chenye kitambaa, zungusha polepole. Nimeona mtu Katoro hapa ametolewa meno mawili.

Ikishatoka, vuta springi, mimina oili ya zamani. Chini kabisa kuna bolti ya alenkii, ile yenye tundu la pembe sita, ifungue, vyuma viwili vitaachana. Utaona kifuniko cha vumbi, chini yake waya wa duara uliokaa kwenye mfereji, chini yake ndiyo sili. Toa waya kwa bisibisi. Itoe sili bila kukwaruza chuma. Osha kila kitu kwa petroli, mbali na moto wa jikoni.

Sili mpya ipake oili. Ule upande wenye kispringi chembamba ndani uangalie chini. Igonge kwa kipande cha bomba kinachoenea, pole pole, kuzunguka. Rudisha waya. Springi mpya, oili mpya ya shokapu, kofia.

Nunua vya mguu wa kulia wa shokapu tu, nao ndio uufungue. Mguu wa kushoto usiuguse, niliufunga mwenyewe na hauna shida.

Melkiori

*

Mtinko, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Melkiori,

Marahaba, na sikukuu ilikuwa njema. Paroko amehama, amekuja kijana anayehubiri upesi kama anakimbiza basi. Mama mkubwa Felista anaendelea.

Nilikwenda Singida mjini kununua. Yule mama wa duka la spea anaitwa Amne, nikamwambia nataka sili moja na springi moja. Akaniuliza pikipiki yangu ina mguu mmoja? Akasema sili zinatoka mbili, springi zinatoka mbili, ukiweka mpya huku na ya zamani kule unamwangusha mtu. Nikamwambia fundi wangu ndiye kasema. Akasema, "Fundi wako mwambie namsalimia." Nilichukua zote mbili mbili kwa aibu.

Jumamosi tukafanya. Klara alikuwa semina. Shemeji yako akakaa kwenye kigoda, miwani puani, akawa ananisomea barua yako, mimi natenda. Niliogopa Melkiori. Ile kofia niliikandamiza kama ulivyosema lakini ilinishinda nguvu, ikaruka ikagonga bati la banda. Ningekuwa nimeinama ingenipata jicho. Nilikaa chini nikanywa maji. Shemeji yako akasema tuache. Nikasema tuendelee, maana nikiacha sitarudi.

Mguu wa kulia umekwisha. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, basi, hakuna ajabu.

Lakini kuna kitu. Nathanaeli alipofika kwenye mstari wako wa mwisho, wa mguu wa kushoto, alisoma, akarudia kusoma kimoyomoyo. Halafu akaikunja barua akaiweka mfukoni mwake, hakunirudishia. Nilimuuliza vipi, akasema jua kali.

Na oili inayolowanisha breki ni ya kushoto. Nimeifuta mara tatu. Mbona unasema hauna shida? Nijibu kabla mwezi haujaisha. Klara anahesabu siku.

Dada yako,
Winfrida

*

Mtinko, 25 Mei 2025

Melkiori,

Lori la Edward limerudi mara mbili bila neno lako. Siandiki ya mbuzi wala ya mvua.

Jana nimeufungua mguu wa kushoto.

Kofia haikuruka. Ilitoka kimya, nikajua mambo si sawa. Nikavuta springi, ikatoka fupi, imekatika, urefu wa shibiri tu. Juu yake kilikuwa kimepachikwa kipande cha bomba la maji, kimekatwa kwa msumeno. Ni lile bomba lililobaki tulipoweka mfereji wa ghala, rangi yake naijua. Nikageuza mguu nimimine oili, yakatoka matone machache tu. Iliyobaki ikatoka kama gundi, ya njano, imenata kwenye chuma kama masega. Harufu yake sikuhitaji kuuliza. Mafuta yaliyochacha nayajua, nimekamua alizeti maisha yangu yote. Siku ile unaifunga uliniomba kikombe cha mafuta ya kula, nikakuletea, nikadhani unataka kutolea grisi mikononi.

Nathanaeli alikuwa pale kwenye kigoda. Akanyoosha mkono, nikampa. Akanusa. Akaniambia, "Mama Klara, hakukuwa na ng'ombe."

Nikamuuliza unasema nini. Akasema alikuwa anateremka kwenye kalavati na magunia mawili nyuma, akashika breki, upande wa kulia ukazama, wa kushoto ukagoma kama umeegemea mti, usukani ukajipinda, akajikuta chini. Barabara ilikuwa tupu. Hakukuwa na ng'ombe wala mbwa.

Sikumuuliza kwa nini alisema ng'ombe. Najua mimi. Wewe hujui, na nimekaa nalo miaka hii miwili. Siku tatu kabla hajaanguka aliniambia mbele inagoma, anataka kuipeleka kwa Enock aiangalie. Mimi nilimkatalia. Nilimwambia, "Shemeji yako hata hajafika safari yake, wewe unapeleka kazi yake kwa fundi mwingine? Unataka wamseme ndugu yangu senta nzima?" Akaiacha. Akanisikiliza mimi. Alipoamka hospitali, wewe na mimi tukiwa pembeni ya kitanda, akatutazama akasema ng'ombe.

Basi. Wewe uliweka bomba, mimi nikafunga mlango, yeye akatufunika wote wawili, na Miraji amekuwa anatembea na kosa ambalo halikuwepo.

Ulikuwa unaniacha nimpandishe mwanangu kwenye hicho chuma. Hilo ndilo linalonitisha, kuliko kofia, kuliko kalavati. Ulijua kilichomo, ukaandika usiuguse.

Nimeosha, nimeweka sili mpya, springi mpya, oili nimepima sawasawa miguu yote kwa chupa ya dawa ya kikohozi yenye mistari. Sijui kama nimepatia. Wewe ndiwe fundi. Niambie la kuniambia.

Winfrida

*

Katoro, 28 Mei 2025

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata jana. Hii naituma na basi, Edward anachelewa.

Springi ya kushoto niliikuta imevunjika nilipofungua. Mjini sikwenda, ilikuwa Jumapili na Jumatatu asubuhi nilikuwa nasafiri. Chupa ya oili ilitosha mguu mmoja. Shemeji alikuwa amesimama pale na magunia yake, ananisifu, anawaambia majirani huyu ni fundi wa kwetu. Nikaona aibu kusema imenishinda. Nikasema moyoni nitarudi baada ya mwezi nifunge vizuri.

Mwezi haukufika.

Pale hospitali aliposema ng'ombe, nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini, dada. Nikiwa ndani ya basi ndipo nikajua. Tangu hapo siwezi kuongea nawe dakika mbili.

Nilikuambia muuze ili kile kipande kisionekane. Ulipokataa nikafikiri ukitengeneza wa kulia peke yake, Klara akienda polepole, pengine. Neno hilo pengine nimelala nalo. Sina la kujitetea.

Usimruhusu aiendeshe mpaka mtu anayejua aikague. Hata ukinichukia mpaka mwisho, hilo nisikilize. Akague ule waya wa duara, pande zote mbili. Wengi wanakosea hapo.

Melkiori

*

Mtinko, 8 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mkubwa Felista ameanza kuamka, jana alikaa nje akachambua maharage. Alizeti tumekata nusu.

Barua yako ilifika Ijumaa ile, tarehe thelathini. Jumamosi ilikuwa siku ya mnada. Nikaisukuma pikipiki mimi na Klara mpaka senta, kwa Enock, watu wamejaa. Nilikuwa na hofu ya kila aina. Nikasema mbele yao, nimefunga shokapu hii mwenyewe nyumbani, naomba uikague. Vijana wakaanza, mmoja akasema mama sasa unataka kutunyang'anya kazi, mwingine akasema amlete na baba mkwe wake afunge injini. Enock hakucheka. Akakandamiza mara tatu, akachuchumaa, akafunua vifuniko vya vumbi. Kushoto sawa. Kulia akaingiza bisibisi, ule waya ukatoka wenyewe. Haukuwa umekaa kwenye mfereji wake. Akasema pikipiki ikipiga mashimo sili ingepanda juu, oili yote ingemwagika kwenye njia.

Mguu wa kulia, Melkiori. Ule niliokuambia umekwisha.

Akaurudisha, akanionyesha kwa kidole nione unavyokaa. Halafu akauliza zamani ilifungwa na nani. Nikamwambia ilifungwa nyumbani kwangu. Aliitazama, akanitazama, akaenda kunawa.

Shemeji yako siku ileile jioni, jua bado lipo, akachukua magongo akaenda kwa Miraji. Hakutaka nimsindikize, nikamfuata kwa mbali mpaka nyuma ya ua, nikawa nasikia. Alimkuta zizini. Akamweleza yote, amesimama. Miraji akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nilimuuza yule dume mwekundu. Nilijiambia ndiye, maana ana kichaa cha barabara." Miraji akaendelea kufunga lango la zizi, kamba baada ya kamba. Mwishoni akamsogezea kigoda, akamwambia akae, nyonga isije ikamwangusha akamsingizia na mbuzi. Hakucheka aliposema hivyo. Wakakaa. Sijui kama amesamehe. Mke wake asubuhi iliyofuata alinisalimia.

Wewe sijajua nikuambie nini. Nilikasirika mpaka nikaogopa hasira yenyewe. Kisha nikasoma tena pale unaposema aibu, nikajiona mimi. Nathanaeli anasema uje. Anasema uje uongee naye yeye, kwanza, kabla yangu. Njoo wakati wa mavuno, utatufaa.

Klara ameanza Jumatatu. Amekwenda na kurudi siku zote tano. Hofu haijatoka, nikisikia pikipiki yoyote barabarani nasimama na kitu mkononi mpaka ipite. Siku ya kwanza kabla hajawasha nilishika usukani nikamzuia. Nikamwambia, "Siku ukisikia mbele inagoma, hata kidogo, ipeleke kwa fundi mwingine siku hiyohiyo. Usiniulize. Na aliyeifunga ni mimi mama yako, lakini usinionee aibu. Nitangaze senta nzima."

Akasema, "Sawa mama, niachie basi usukani."

Nikaachia.

Ni mimi dada yako,
Winfrida